Diski Bubu na Kitambaa cha Mkwe

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, lakini kabla sijaomba, naomba niutangazie umma, kwa masikitiko na kwa heshima zote zinazostahili, kwamba tangu mama mkwe wangu aingie nyumbani kwetu, kompyuta yetu imevaa nguo. Si nguo ya dukani, ni kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe, chenye maua pembeni na nyuzi zinazoning'inia, na kimelifunika lile boksi la kompyuta kuanzia utosini hadi visiginoni, mbele na nyuma, kama bibi harusi anayesubiri kuitwa. Nimeanza na hilo ili ucheke sasa umalize, kwa sababu yanayofuata hayana kicheko, na mwisho wake ni kwamba huenda mke wangu asirudi.

Mimi ni fundi wa friji. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani kwa watu nikiwaambia wazivute friji zao kutoka ukutani, nao wananilipa kwa kuwaambia hivyo. Mke wangu ni muuguzi, amepelekwa kwenye zahanati iliyo mbali sana, juu milimani, simu huko haishiki, na kinachotuunganisha ni gari la dawa, ambalo dereva wake anabeba barua zetu kwenye droo ya mbele pamoja na miwani yake. Tuna mtoto mmoja wa kike, tunamwita Kifaranga, na mama yake alipoondoka mtoto alikuwa hajasema hata neno moja, sasa hanyamazi hata akiwa amelala. Siku ya kuondoka mke wangu alisimama mlangoni na begi lake akaniambia, "Maneno yake ya kwanza nitayakosa. Niwekee." Nikamwambia nitakuwekea, nikaona ni ahadi nyepesi, maana kompyuta ninayo, nilipewa na mteja aliyekuwa anahama, na ina kile kidroo cha kuchomea diski, yaani kuzirekodi.

Aliyenifundisha kuchoma diski ni jirani yetu, Mzee Spika, yule anayepiga muziki kwenye sherehe za watu, na ndiye aliyeniazima na kamera. Aliniambia, "Fundi, kuchoma diski ni kama kupiga pasi, ukizubaa juu ya nguo unaunguza. Weka kasi ya juu kabisa, ipite haraka." Nikaweka kasi ya juu kabisa. Ile programu ikaniuliza kama nataka diski ifungwe ikimaliza, au ibaki wazi ili niweze kuongeza vingine siku nyingine, nami nikaiacha wazi makusudi, kwa sababu mtu mwenye akili hafungi mlango wa nyumba ambayo bado anahamishia vyombo. Nikamvisha Kifaranga gauni la njano ambalo mama yake alimnunulia, nikamkalisha kwenye kiti penye mwanga mzuri, nikampiga picha ya video akisema "maji" na "paka" na "mama", nikachoma, nikaitazama diski kwenye kompyuta ile ile mwanzo hadi mwisho, safi kabisa, hadi kope za mtoto unazihesabu, nikaifunga kwenye leso iliyofuliwa nikampa dereva.

Gari liliporudi, jibu la mke wangu lilisema hivi, nanukuu: "Mume wangu, diski nimeipata. Tuliizunguka redio ya ukumbini, ile inayocheza diski, wenzangu wakaacha hadi kula, nikawaambia mtamsikia mwanangu. Ikazunguka, ikazunguka, ikanyamaza. Labda imeumia njiani." Nikasema sawa, barabara mbaya, nikachoma nyingine, na mara hii nikahangaika zaidi, nikafuta hadi ukuta wa nyuma ili picha isiwe na madoa, nikaitazama, safi, nikatuma. Jibu likaja fupi: "Redio imekohoa, ikanyamaza tena. Wenzangu sasa wanaondoka ukumbini nikiingia na diski, wananionea huruma. Nakurudishia hii uione mwenyewe." Nikaiweka kwenye kompyuta, Mshauri, na ikacheza bila kukwaruza hata kidogo. Hiyo ndiyo niliyokuwekea ndani ya bahasha hii, uione na wewe, uniambie kama mimi ni kichaa.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kunisaidia kulea, na hapo ndipo penye barua yenyewe.

Lazima ujue kwamba mama mkwe wangu na mimi tunaheshimiana sana, yaani hatupendani. Siku niliyopeleka posa aliuliza kwa sauti ya chini, ile ya chini ambayo nyumba nzima inasikia, "Binti yangu amesoma vitabu vyote vile aje aolewe na mtu wa nyuma ya friji?" Hadi leo mimi kwake ni baba Kifaranga na yeye kwangu ni Mama, na katikati yetu tumeweka adabu nene kama godoro. Alipofika aliiangalia sebule, akaiona kompyuta, akasema, "Kitu cha thamani hivi kinaachwa uchi, vumbi lote linaingia," na kesho yake ikawa imevaa.

Mimi ningefanya nini? Mtu hagusi kitambaa cha mkwe wake. Nikitaka kuchoma diski nanyanyua ncha ya mbele tu, kiasi cha kidole kufikia kidroo, kama mtu anayechungulia pazia la jirani, na ya nyuma naiacha ilivyo, maana ameikunja vizuri na kuichomeka ukutani.

Na tangu hapo hakuna diski iliyofika mwisho. Inaanza vizuri, ule mstari wa kijani unatembea, unakaribia kumaliza, mara mashine inaanza kulia kama inazaa, inazima, kimya, na diski ikitoka haifai hata kutishia ndege. Nikirudia, hivyo hivyo. Mkwe anauliza kutoka jikoni, "Imekufa?"

"Haijafa, Mama."

"Maana nilipita nikaigusa, ina homa."

"Haina homa, Mama. Ni mashine."

"Mashine yenye homa, basi. Mtu mwenye homa anafunikwa atoe jasho," akaja na shuka la mtoto, lile zito la baridi, akaliweka juu ya kitambaa, akalipigapiga taratibu kwa kiganja, na akaniambia bila kunitazama, "Usinishukuru. Kuhangaika ni kazi yangu, mwanangu yuko mbali na hakuna anayempelekea neno."

Hakuna anayempelekea neno. Hayo aliniambia mimi, niliyefuta ukuta.

Sasa, Mshauri, mimi si mtu wa kuamini mambo ya ajabu, lakini nimekaa nikayapanga. Mashine yangu haikuwahi kuzima kabla huyu mama hajaja. Inazima akiwa ndani ya nyumba tu. Siku aliyokwenda kliniki na mtoto sikujaribu kuchoma, kwa hiyo sina ushahidi, lakini moyoni nina hakika kwamba ingekubali. Na huyu mama hajawahi kutaka binti yake akae na mimi. Sisemi kwamba ana dawa, ninasema tu kwamba ana mkono, na mkono wake haupiti mbali na ile mashine.

Wiki iliyopita dereva alirudi. Kawaida anapiga honi, ananipa barua na salamu zote, muuguzi anakusalimu, amenenepa, amekonda. Safari hii hakupiga honi. Akanipa barua dirishani akasema, "Muuguzi amenipa barua. Hakunipa salamu." Barua yenyewe nimeisoma mpaka naijua kwa moyo: "Mume wangu. Gari lililopita halikuleta kitu. Kabla ya hapo ulileta kimya mara mbili. Mganga mkuu ananiuliza kama naongeza mwaka mwingine huku, karatasi ipo mezani kwake. Mimi sitaki mambo makubwa. Nataka kujua kama nyumbani kuna mtu anayezungumza na mimi. Gari linalokuja likileta kimya tena, nitajua, na nitatia saini." Gari linaondoka Jumamosi asubuhi.

Nikaenda stendi. Nikakata tiketi ya basi ya kumrudisha mama mkwe kwao, ya Ijumaa asubuhi, nikisema moyoni akishaondoka mashine itapona, nitachoma Ijumaa mchana, Jumamosi dereva atabeba. Nikaiweka tiketi kwenye mfuko wa shati nikitafuta maneno ya kumwambia, na maneno sikuyapata, kwa sababu hayapo, hakuna lugha ambayo mtu anamfukuza mkwe wake akabaki mwanadamu. Nikalala na shati likiwa limetundikwa mlangoni.

Asubuhi shati halikuwepo. Limefuliwa, limeanikwa, hadi mchana limepigwa pasi. Nami niliporudi kutoka kazini nikaikuta ile tiketi imewekwa juu ya kompyuta, katikati kabisa ya kitambaa, na yenyewe pia imepigwa pasi. Haina hata kunyanzi.

Mkwe nilimkuta jikoni. Alipakua chakula, akamlisha mtoto, akaniuliza, "Baba Kifaranga, Ijumaa utavaa shati gani, nilinyooshe?" Nikamwambia lolote, Mama. Akasema, "Safari huwa na shati lake." Sijui anamaanisha safari ya nani. Tangu siku hiyo tunapishana koridoni kama watu wawili waliobeba beseni moja la maji ya moto. Nimefikiria kumwambia kwamba tiketi ile ni ya mteja, niliombwa niishike. Nimefikiria pia kwamba labda tayari ameshamwandikia binti yake, na barua hiyo itapanda gari lile lile Jumamosi, ikae droo moja na diski yangu, kama diski itakuwepo.

Swali langu ni moja. Nimpandishe mama mkwe basi Ijumaa ili niokoe diski, au nimwache nimpoteze mke? Na kama ipo dawa nyingine ya mashine inayokufa karibu na mwisho, naomba uniandikie kwenye toleo la Alhamisi, kwa lugha nyepesi, maana mimi ni fundi lakini si wa vitu vidogo hivyo.

Ni mimi katika dhiki,
Fundi Friji

*

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Friji,

Pole. Nimekupa pole mapema kwa sababu huko mbele sitakuwa na nafasi.

Kwanza tumtoe mama mkwe wako kizimbani. Diski ya kwanza ilinyamaza, ya pili ikanyamaza, na wakati huo mama alikuwa kwao anafuma. Wewe umepata mshitakiwa kabla hajafika eneo la tukio. Hata mahakama ya watoto wanaocheza ingekuuliza hilo. Kwa hiyo una magonjwa mawili, si moja, na umeyalaza kitanda kimoja kwa sababu unajua unayetaka alale hapo.

Ugonjwa wa pili ni mwepesi, tuanze nao. Mashine inafanya kazi ngumu, inapata joto, inajizima ili isiungue. Hiyo si hila, ni akili, na wengi wetu hatuna. Sasa jiulize joto hilo limekosa wapi njia ya kutokea. Nyuma ya boksi kuna feni. Mbele ya feni kuna kitambaa. Juu ya kitambaa kuna shuka zito la baridi. Nyuma ya vyote kuna ukuta. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba unalipwa kuwaambia watu wavute friji kutoka ukutani. Nimeusoma mstari huo nikaweka barua chini, nikatembea hadi dirishani, nikarudi. Fundi, ungeingia nyumba ya mtu ukakuta friji imefungwa shuka na kubanwa ukutani, ungewatolea maneno hadi watoto wakimbilie nje. Kwako umeona, ukachungulia kwa kidole, ukaanza kutafuta mchawi. Mama alikugusia ugonjwa kwa jina lake: ina homa. Alikosea dawa tu. Wewe ulikosea vyote viwili, na mafunzo ya kazi ulikuwa nayo.

Najua, mtu hagusi kitambaa cha mkwe wake. Sikwambii ukivue. Nitakwambia cha kufanya, subiri.

Ugonjwa wa kwanza ndio uliokunyima salamu za dereva. Diski yako nimeijaribu. Nimeiweka kwenye deki iliyopo mapokezi hapa ofisini, ikazunguka, ikakataa. Nimeiweka kwenye kompyuta ya mhasibu, ikanuna kidogo, ikasoma. Sababu ni ile nyumba yako uliyoiacha mlango wazi. Diski isiyofungwa inaeleweka kwa mashine iliyoichoma, na pengine kwa ndugu zake wawili watatu. Mashine nyingine zinaiona kama haina kitu. Ni sawa na Kifaranga alipoanza kusema: akisema "pa" wewe unajua ni paka, unampongeza, na mgeni aliyekaa pembeni anaona mtoto katema mate. Wewe umekuwa ukimtumia mkeo "pa" milimani, halafu unarudi kwenye mashine yako kuuliza kama imesikika. Imesikika, ndiyo. Kwa baba yake.

Na kasi ya Mzee Spika mrudishie Mzee Spika. Kuchoma diski si kupiga pasi. Ni kama kuandika huku gari linatembea, kadiri linavyokimbia ndivyo mwandiko unavyokuwa wa daktari. Weka kasi ya chini kabisa uliyopewa.

Sasa yale yasiyo ya mashine. Diski yako nimeitazama yote. Mtoto mzuri, gauni zuri, ukuta umefutwa kweli. Nikamtafuta baba. Yumo, nyuma ya kamera, na maneno yake yote ni haya: tazama huku, inua kichwa, usishike pua, sema, sema tena, mwambie mama. Mwisho. Fundi, mkeo anauliza kama nyumbani kuna mtu anayezungumza naye. Tuseme diski ingecheza vizuri toka siku ya kwanza. Angekusikia wewe unasimamia kazi. Hakuna mahali ulipomwita, hakuna uliposema kitanda ni kikubwa, au kwamba mtoto akiamka anakwenda kugonga mlango wa chumba akidhani mama yake yumo ndani. Kama hagongi, sema anachofanya. Usiniandikie mimi kurasa zote hizi za uchungu wako halafu yeye umpe "usishike pua".

Tiketi. Usithubutu kusema ni ya mteja. Mtu anayekufulia shati tangu afike anajua mfuko wako kuliko wewe. Angetaka kukuaibisha angeiacha ndani ya maji, ukaikuta imekuwa uji, naye akasema hakuona. Badala yake ameikausha, akaipiga pasi ili iweze kutumika, akaiweka pale ambapo lazima uione. Anakwambia: nimeona, niko tayari, sema mwenyewe. Una mkwe aliyenyoosha tiketi ya kufukuzwa kwake, na wewe unamwogopa kwa sababu ya kitambaa. Kuhusu barua kwa binti yake sijui na wewe hujui. Kama ameiandika, kitu pekee kitakachoijibu ni nyumba utakayokuwa nayo kesho.

Unaniuliza basi au mke. Ukimpandisha basi Ijumaa, diski utaichoma, itakuwa haijafungwa, itanyamaza, na safari hii mkeo atakuwa na habari mbili: mumeo hana la kukwambia, na mama yako amekanyagwa. Karatasi ya mganga mkuu ataitia saini kwa kalamu ya kukopa.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma hapa, usisubiri jioni. Chukua ile tiketi, nenda alipo mama, kaa chini kuliko alipokaa yeye. Sema, "Mama, nilikata tiketi hii kwa ajili yako. Nilikosea. Naomba ubaki." Usieleze mashine, usieleze joto, usimtaje mke wako. Ukianza kueleza utaharibu. Atanyamaza, na kimya hicho kitakuwa kirefu, na utatamani kukijaza. Usikijaze. Akisema neno kali, ni lako, lipokee. Tiketi mpe yeye, aifanye atakavyo.

Kesho asubuhi, nyumba ikiwa bado ina ubaridi, mwombe kazi. Mwambie, "Mama, tunataka kumtumia mwanao neno, nisaidie." Hapo atauliza afanye nini. Mwambie akae karibu na mashine, ampakate mtoto, na akishikilie kitambaa mapajani mpaka mmalize, maana hutaki kichafuke. Umeona? Hujakivua. Kimepata heshima ya kushikwa. Shuka la mtoto lirudi kitandani. Livute boksi kutoka ukutani, kiasi cha kupitisha mkono, nadhani hilo unajua kulifanya. Fungua dirisha. Mnaporekodi, mtoto aseme, bibi aseme, halafu wewe useme, na wewe ndiye useme zaidi, kwa jina unalomwita mkeo mkiwa wawili, hata kama bibi anasikia. Ataangalia pembeni, wazee wanajua kuangalia pembeni.

Kisha uchome, polepole, mama akiwa bado ameshika. Usiguse kitu kingine chochote mashine ikifanya kazi, wala usikae ukiutazama ule mstari wa kijani kama unausukuma kwa macho. Programu ikikuuliza kama ifunge diski, kubali. Ikikuuliza tena una hakika, kubali tena, hiyo ni tabia yake. Ikitoka usiijaribu kwako, kwako utadanganywa. Ipeleke kwa Mzee Spika ukaijaribu kwenye mashine yake, mkono mmoja diski, mkono mwingine kamera yake, umrudishie. Ikicheza hapo, dereva atapiga honi.

Jibu hili nilikuwa nimeshalipeleka kwa mchapaji. Nikarudi kuisoma barua yako mara ya mwisho, kwa sababu kulikuwa na kitu kinanikereketa tangu mwanzo na sikukijua, nami nimefanya kosa lile lile lako, nimetazama gauni. Mkeo amekuandikia mara mbili mahali anaposikilizia diski zako, na mara zote mbili umeyanukuu maneno yake bila kuyasoma. Nikamwomba mchapaji anirudishie ukurasa niongeze hapa chini.

Usichome picha. Kwenye programu chagua diski ya muziki, uchome sauti peke yake.

Redio haina kioo.